Nina Mdogo Wangu Humo Ndani

Kambini, 4 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Usishangae kupata barua kwenye simu badala ya sauti yangu. Nikikupigia huwa nasema niko salama kabla hujaniuliza, na wewe unasema uko salama, tunakata. Nikiandika inabidi nikae na ninachosema. Ukiona nimekosea herufi, unajua niliacha shule lini, basi pita tu.

Tuko kwenye nguzo ya tano ya daraja. Kazi yangu ni ile ile, kufunga nondo. Unainama, unapitisha waya, unazungusha koleo mara tatu, unasogea hatua moja, unainama tena. Msimamizi ana kijitabu cha kuhesabu vifundo vya kila mtu, sijui usiku anamsomea nani. Bega langu la kulia linaishi maisha yake. Mimi nikilala, lenyewe linaamka.

Mkataba unaisha Juni na siongezi. Mzee Koleo, anayelala kitanda cha chini yangu, aliniomba nikiondoka nimwachie godoro. Nimempa kabisa, nalalia lake lililobonyea, ili nisije nikabadili mawazo.

Mama anasema umehamishwa, eti sasa kazi yako ni kujibu watu mtandaoni. Ni lile Jukwaa la Maswali ya Kodi? Maana mimi humo nashinda. Wenzangu wanatazama mpira, mimi nasoma maswali ya kodi. Mzee Koleo anasema huo ni ugonjwa bado haujapewa jina. Lakini nikisoma mtu anauliza habari za duka lake, mwingine mashine yake ya kusaga, najiona niko huko kwa watu. Niambie kazi ikoje, na wewe ni namba ngapi.

Kaka yako,
Nondo


9 Machi

Kaka Nondo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, sufuria ikaungua. Utanilipa.

Ndiyo, jukwaa ni hilo hilo. Tuko wanane kwenye chumba kilichokuwa stoo, bado kinanuka maboksi. Hakuna jina, kila mtu ana namba ya zamu. Mtu anauliza hadharani, watu wanamjibu wanavyojua wao, kisha mmoja wetu anaingia kati na kuweka jibu lenye alama ya kijani. Majibu ya watu hatufuti hata yakiwa upuuzi mtupu. Hatumwombi mtu namba yake ya mlipakodi mbele za watu. Swali la ndugu yako hulijibu: unasema wazi kwamba ni ndugu, unampa mwenzako. Na faili la ndugu huligusi kabisa, maana mashine inaandika nani amefungua nini na saa ngapi.

Mwezi huu tunarudia jambo moja mpaka ulimi unakauka: aliyeshindwa kupeleka ritani, yaani zile karatasi za kusema umepata nini kwa mwaka, akijitokeza mwenyewe kabla ya tarehe 31, adhabu inafutwa, anabaki na kodi tu. Watu hawaamini. Wanadhani ni mtego.

Sasa cheka. Jumapili ya tarehe 1 nilikuwa zamu. Mama mmoja mshonaji akauliza, ana ritani za miaka miwili, anaogopa kuja ofisini, afanyeje. Kabla sijaandika, akatokea mtu anajiita Mkono wa Chuma: "Mama, unahangaika bure. Tafuta ndugu ndani. Mimi nina mdogo wangu humo humo kwenye hiyo ofisi. Biashara yangu haijapeleka karatasi miaka mitatu na hakuna aliyenigusa hata ukucha."

Nikamjibu kwa adabu kwamba kuwa na jamaa kazini kwetu hakumwondolei mtu wajibu, na tafadhali asimpotoshe muulizaji. Unajua alinijibu nini? "Wewe namba saba ni nani? Wewe ni wa kufungua mlango. Mdogo wangu akipita hapo unasimama."

Nilicheka mpaka namba tatu akaniuliza kama nimepata mchumba.

Lakini mpaka jioni watu mia nane walikuwa wameipenda ile kauli, na wengine wanaomba waunganishwe na huyo mdogo wake. Jumatatu Mkuu wa Kitengo akaichapisha kwa herufi kubwa akaibandika ukutani. Hakucheka. Anataka kumjua huyo mdogo mtu.

Wewe unayeshinda humo, hukuiona?

Mdogo wako,
Kitinda


Kambini, 10 Machi

Fundi,

Mdogo wangu, soma hii ukiwa peke yako, usiisomee mbele ya wateja.

Mkono wa Chuma ni mimi. Hujui ninachosema, nitakueleza. Jumapili ile ilikuwa siku ya malipo. Msimamizi alinikata siku nzima kwa sababu Alhamisi nilikaa kivulini dakika ishirini nikishika bega. Akaniambia mbele ya vijana, mzee, kama mkono umechoka waachie wenye mikono. Nikarudi kitandani nikafungua simu. Nikataka mahali pamoja tu duniani nionekane mtu mwenye mtu wake. Ndipo nikaandika kwenye lile jukwaa la kodi kwamba nina mdogo wangu ofisini, na kwamba karatasi sipeleki na siguswi. Afisa akanikataza, nami nikamtukana, nikamwambia ni wa kufungua mlango.

Afisa mwenyewe ni Kitinda wetu. Namba saba. Ameniandikia akicheka, hajui. Sasa mkubwa wake anamtafuta huyo mdogo mtu.

Nakuuliza jambo moja. Nilipoondoka nilikupa bahasha ya hati za karakana yangu ya kuchomelea, nikakwambia nenda kaihamishe iwe kwa jina lako. Kitinda nilimwambia imeshahama. Imehama au haijahama? Nijibu neno moja.

Nondo


10 Machi

Kaka,

Haijahama. Umetaka neno moja, hilo hapo. Sasa niruhusu niongeze.

Bahasha ile niliipeleka. Nikapanga foleni kuanzia asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipofika dirishani nikaambiwa mwenye jina aje mwenyewe au alete karatasi iliyothibitishwa na mwanasheria. Wewe ulikuwa umeshapanda ndege. Nikarudi nikasema, kwani ninahangaika nini, Kitinda si ndiyo kwanza ameajiriwa humo, ataliweka sawa. Na ritani vile vile. Kila mwisho wa mwaka nasema akija nitamwambia. Akija tunakula, tunacheka, mama anafurahi, nani ataleta karatasi za kodi mezani?

Na usinibebeshe mimi mzigo wote. Mwaka juzi nilikuuliza kwa simu, habari za kodi vipi. Ukanijibu, nakumbuka kama jana, "Mwache mdogo wako, yuko humo, anajua." Mimi nikadhani mmeshaongea. Wewe ukadhani nimeongea naye mimi. Yeye hakuambiwa na mtu. Sisi wanaume wawili wazima tumekaa miaka mitatu tukiegemea mlango ambao mwenyewe hajui kama tumeuegemea.

Nina geti la watu hapa, nilitakiwa kulimaliza leo. Nachomea ovyo. Niambie nifanye nini, lakini usiniambie nimwambie mimi.

Fundi


16 Machi

Kaka Nondo,

Siku saba kimya. Bega limezidi, au umenichoka?

Kile kichekesho kimeisha. Jumatano Mkuu alituletea fomu, sisi wanane kwanza, kisha ofisi nzima. Uandike ndugu zako wa damu, kila mmoja ana biashara gani, iko kwa jina la nani. Nilijaza dakika tano. Kaka wa kwanza: yuko nje kikazi, hana biashara. Kaka wa pili: karakana ya kuchomelea, kwa jina lake mwenyewe. Nikatia sahihi. Chini kabisa pana mstari unasema atakayetoa maelezo ya uongo anafukuzwa kazi. Niliupita kama mtu anayepita mbwa aliyefungwa.

Baada ya tarehe 31, msamaha ukiisha, watalinganisha majina ya ndugu zetu na orodha ya wasiopeleka ritani. Atakayekutwa na ndugu pale na hakusema, amekwisha.

Chumba kimebadilika, Kaka. Zamani tulikuwa tunaazimana chaja na chumvi. Sasa mtu akienda msalani anafunga droo. Namba tatu ana mjomba mwenye maduka, ameshapiga simu kwao mara kumi tangu juzi. Namba tano amelia bila kusema analilia nini. Mimi sina kitu, najua sina kitu, lakini nikiona Mkuu anapita nasahau nilichokuwa naandika. Jana nilimjibu mtu wa shamba habari za kodi ya magari.

Niandikie hata mistari miwili.

Kitinda


Kambini, 19 Machi

Mdogo wangu,

Sijakuchoka. Tulikuwa tunamwaga zege. Zege likianza kumwagwa halisimami, ndivyo linavyotaka, kwa hiyo na sisi hatusimami. Siku mbili tumelala kwa zamu, viatu miguuni. Bega nimelifunga kitambaa.

Nina swali, silo langu. Ni la rafiki yangu hapa kambini. Ana biashara ndogo nyumbani kwa jina lake, mdogo wake ndiye anayeiendesha. Ritani hazijapelekwa miaka mitatu. Hakuficha, alidhani mtu mwingine anapeleka. Anataka kujua kama mambo haya yanaweza kumalizwa kimya kimya, bila kusemwa kwenye jukwaa wala kwa mtu mkubwa. Na je, akisubiri mpaka Juni arudi mwenyewe, si vizuri zaidi?

Usimwambie mtu. Ni rafiki tu.

Nondo


20 Machi

Kaka Nondo,

Mwambie rafiki yako hivi. Juni asisubiri, Juni ni baada ya msamaha. Hahitaji kusafiri, fomu ya kujitokeza iko kwenye tovuti yetu na anaweza kuijaza kwa simu. Mdogo wake akusanye risiti zozote alizonazo, manunuzi ya chuma, umeme, kodi ya jengo. Wasipokuwa na risiti watakadiriwa, na makadirio hayana huruma. Akishajaza atapewa namba ya ombi. Akikwama, aulize jukwaani, afisa wa zamu atamwelekeza. Na ndiyo, inaweza kuisha bila kelele. Watu wengi wanamaliza hivyo kila siku.

Jibu la afisa limeishia hapo. Sasa nauliza mimi.

Nimeandika "manunuzi ya chuma" bila kufikiri. Hukuniambia ni biashara ya nini. Nimekaa nalitazama hilo neno mpaka chai imepoa.

Kaka, huyo rafiki yako ana dada?

Kitinda


Kambini, 23 Machi

Mdogo wangu,

Anaye. Ni wewe.

Siku tatu nimekaa na simu mfukoni kama kaa la moto. Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikirukaruka nitajitetea.

Karakana haikuhama. Iko kwa jina langu mpaka leo. Nilikwambia imehama kwa sababu nilikuwa nimemwagiza Fundi, na kwangu mimi kuagiza na kufanywa ni kitu kimoja. Fundi alipokwama alisema wewe utaiweka sawa. Nami nilisema hivyo hivyo. Hatukukuambia. Sijui tulidhani unafanya nini humo ndani siku nzima. Nadhani tuliona ukishaingia ofisi ile, basi na sisi tumeingia.

La pili ni baya zaidi. Mkono wa Chuma ni mimi. Niliyekwambia wewe ni wa kufungua mlango ni mimi. Ulipoandika kwamba ulicheka, niliweka simu chini nikaenda kukaa nje karibu na mapipa ya maji.

Utauliza kwa nini sikusema tangu nilipopata barua yako tarehe 10. Nitakwambia ukweli, siyo mzuri. Nilipiga hesabu. Kodi ya miaka mitatu, hata bila adhabu, inakula akiba yangu yote na bado haitoshi. Maana yake Juni sirudi. Nikasema labda hawataona. Nikasema labda namba tatu ana ndugu mkubwa zaidi, watamkamata yeye wakuache wewe. Nilimwombea mabaya mtu ambaye hata sijawahi kumwona.

Jana nilimwambia Mzee Koleo. Tulikuwa tunasubiri nondo zishushwe.

"Dada yako alitia sahihi?" akauliza.

"Alitia."

"Kwa maneno yako?"

"Kwa maneno yangu."

Akatema mate. "Sasa wewe unangoja nini, wakuletee na wimbo?"

"Nangoja Juni."

"Godoro langu rudisha basi," akasema. "Siwezi kulalia godoro la mtu wa namna hiyo."

Alilirudisha kweli. Wenzangu wote wanamtazama anavyolipandisha juu, hakuna anayeuliza.

Niambie nifanye nini. Kama unataka niandike kwa mkubwa wako, nitaandika. Kama unataka ninyamaze, nitanyamaza mpaka kufa.

Nondo


24 Machi

Nondo,

Usiniulize mimi nikuambie unyamaze. Hilo ndilo ulilonifanyia miaka mitatu, kunipa mimi kazi ya kukuficha bila kuniambia. Leo unataka kunipa tena, na sahihi yangu juu yake.

Sikuwahi kukufunika. Sikuwahi kufungua faili lako, wala la Fundi, wala la mtu yeyote aliyenyonya ziwa moja na mimi. Wakati mwingine nilitamani tu kuona jina lako limeandikwa kwenye mashine yetu, nikajizuia. Na kumbe ninyi mlikuwa mnalala usingizi mzuri kwa jina langu.

Kesho saa mbili asubuhi naingia kwa Mkuu. Namwambia fomu yangu ina uongo, na uongo umetoka wapi. Silali nalo zaidi ya leo. Nikishajua halafu nikakaa kimya, hapo nitakuwa mwizi kweli, na sikuwa.

Lakini nataka nikiingia pale uwe umeshasema wewe. Hadharani, mahali pale pale ulipojigamba, maana yule mama mshonaji alikusoma na watu mia nane walikusoma. Nikisema mimi kwanza, itaonekana nakusukuma wewe mbele ili nijiokoe. Ukisema wewe kwanza, ni kaka anayesema yake.

Saa yako na yangu si moja, hesabu vizuri. Una mpaka mapumziko yako ya mchana leo.

Sina la kuongeza.

Kitinda


Kambini, 24 Machi

Fundi,

Nakuandikia haraka, nina dakika kumi kabla firimbi haijalia.

Nimefanya. Nimekaa kwenye kivuli cha kreni, kreni nayo inasogea, kivuli kinasogea, nami nasogea nacho na simu mkononi. Fomu nimejaza nusu, imekwama sehemu ya risiti, hiyo inakungoja wewe. Funga karakana leo, tafuta kila karatasi iliyo droo, iliyo chini ya mashine, iliyofunika dirisha. Hata zenye mafuta.

Jukwaani niliandika haya, nakunakilia usije ukasikia kwa watu:

"Mimi ndiye Mkono wa Chuma. Tarehe 1 nilimwambia mama mshonaji atafute ndugu ndani. Nilisema uongo. Ndugu ninaye, lakini hajui kitu. Sijapeleka ritani miaka mitatu kwa uzembe wangu na wa mdogo wangu wa kiume, na mdogo wangu aliyeko ofisini nilimdanganya kwamba biashara si yangu tena. Akaamini, akaandika hivyo. Kama hamjanigusa ni kwa sababu hamjanifikia, siyo kwa sababu yake. Namba saba, nilikutukana, nisamehe. Mama mshonaji, kama uliacha kwenda ofisini kwa maneno yangu, nenda. Tarehe 31 haijafika. Swali langu: nimekwama sehemu ya risiti, niko nje, wa kunisainia yuko nyumbani. Nifanyeje?"

Nilibonyeza kutuma, nikaona mara moja watu wanaanza kunicheka. Mmoja kaandika, "Mkono wa Chuma umekuwa mkono wa bati." Wacha acheke. Sisubiri kuona majibu, nikishakutumia hii nazima simu. Siwezi kuinama na koleo huku inanitetemeka mfukoni.

Mwambie mama yetu wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na jirani.

Nondo


27 Machi

Kaka,

Najua umezima simu. Fundi amesema. Ukiiwasha utakuta hii.

Nilikuwa zamu ulipoandika. Maswali yanatugawia mashine yenyewe, la kwanza kwa aliye huru. Lilikuja kwangu. Namba tatu alikuwa ameshaliona, na namba tano, na chumba kizima kikanigeukia, kwa mara ya kwanza bila kuogopana. Wanasubiri nitaandika nini. Nikaandika:

"Muulizaji huyu ni kaka yangu. Kwa sababu hiyo sitamjibu mimi. Namwachia afisa mwenzangu. Namba saba."

Ni mistari mitatu. Sijawahi kuandika kitu kirefu hivyo pale.

Namba tatu akalichukua. Alikuelekeza vizuri, utaona: barua ya uwakilishi, Fundi asaini huko. Alikuita "ndugu mlipakodi". Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini, mjomba wake naye amekwenda kujitokeza asubuhi ile ile. Sikumwambia ulivyomwombea.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mkuu. Ameketi, simu yake iko wazi kwenye ukurasa wako.

"Huyu unamfahamu?" akaniuliza.

"Ni kaka yangu wa kwanza. Fomu yangu ina maelezo ya uongo. Niliyaandika nikiyaamini, nimejua juzi."

"Juzi saa ngapi?"

Nikamwonyesha barua yako, tarehe na saa. Akaisoma yote. Nilitamani sakafu inimeze alipofika kwa Mzee Koleo na godoro lake. Aliporudisha simu alisema, "Mashine imeshaangaliwa. Hujawahi kufungua faili lao." Halafu akasema, "Bahati yako." Nikamjibu haikuwa bahati. Mdomo ulijisemea wenyewe. Mkuu akasema, "Sawa. Haikuwa bahati."

Kazi ninayo. Onyo la maandishi limeingia kwenye faili langu kwa sababu sikuuliza mara ya pili kabla ya kutia sahihi, na hilo ni haki. Nimetolewa jukwaani miezi sita, niko chini kwenye kumbukumbu, napanga majalada. Namba saba amepewa mtu mwingine. Mama mshonaji alikuja ofisini Alhamisi. Sikumwona, nimesimuliwa.

Fundi ameleta kiroba kizima cha risiti, nyingine zimeliwa na panya. Aliziacha mapokezi, hakuniuliza. Nilimwona kupitia kioo akipanga foleni kama watu. Sikutoka.

Bado nina hasira. Inakuja na kuondoka. Ikiondoka nakumbuka ni nani alikuwa akilipa ada yangu na kwa mkono upi, na hilo ndilo linaniudhi zaidi, maana nashindwa kukukasirikia vizuri.

Lifanyie bega kitu. Nenda kwa daktari wa kambi, siyo kitambaa.

Kitinda


Kambini, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Nimewasha simu. Nimesoma yako mara nyingi kuliko nitakavyosema.

Daktari amenipa dawa ya kupaka na amri ya kutoinua mkono juu ya kichwa. Msimamizi kanihamishia kwenye meza ya kukunja nondo, kazi ya kusimama, malipo kidogo pungufu. Juzi nilimwomba mkataba wa mwaka mwingine na nusu. Aliniuliza, "Si ulisema huongezi?" Nikamwambia nilisema. Nimesaini. Usiniandikie pole. Nimejipa mwenyewe usiku ule wa kusaini, nikaimaliza.

Makadirio yamekuja. Si madogo, lakini yanalipika. Ilibaki kuomba kulipa kidogo kidogo, na hiyo ni fomu nyingine, kurasa nne za maneno magumu ya ofisi. Safari hii sikumwita Fundi wala sikumuuliza mtu. Nilikaa Jumapili nzima na kamusi ya Mzee Koleo, ambayo kurasa zake za mwanzo alisokotea sigara, kwa hiyo maneno ya A na B nilibahatisha.

Ukurasa wa tatu pana swali: Je, una ndugu wa damu mtumishi wa ofisi hii? Pana kisanduku cha Ndiyo na cha Hapana. Chini wameandika kwa herufi ndogo kwamba anayejibu Ndiyo, ombi lake linapelekwa kwenye dawati la pekee, linakaguliwa upya na linaweza kuchukua mpaka siku tisini. Wa Hapana anajibiwa ndani ya siku saba.

Mwenzangu mmoja alikuwa anachungulia begani. Akaniambia, weka Hapana, nani atajua, majina yenu mbona hayafanani.

Nimeweka alama kwenye Ndiyo. Wakaniuliza uhusiano, nikaandika: mdogo wangu wa kike. Wakauliza, amekusaidia katika jambo hili? Palikuwa na mstari mfupi tu wa kujibia, hautoshi. Nikaandika: Hapana, na sikumwomba.

Kisha nikatuma, nikaenda kusubiri siku tisini zangu.

Nondo